Wadogo zangu wa tarumbeta, anzeni na ufunguo

Nimesikia kuna vijana wa sekondari hapa Lamu wanaotaka kuunda bendi ya dansi yenye tarumbeta, saksafoni na tromboni. Nimefurahi mno. Sisi tulipoanza, marafiki saba wa darasa moja, tulipoteza karibu muhula mzima kwa jambo la kuelezwa kwa dakika tano.

Jambo lenyewe ni ufunguo, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake, nazo huitwa kwa herufi: C ya gita si C ya tarumbeta. Gita likipiga C, wa tarumbeta aandikiwe D, wa saksafoni ya alto aandikiwe A. Tromboni hubaki C. Sisi kila mtu alipiga C yake, sauti zikagombana, nasi tukagombana: fulani hana sikio, fulani hafanyi mazoezi. Rafiki yetu mmoja aliacha bendi kwa maneno hayo, naye hakuwa na kosa lolote. Hadi leo laniuma.

Wapiga gita watataka ufunguo wa E, vidole vimeuzoea. Msiwakubalie. Hapo tarumbeta ana shapu (alama za kupandisha sauti nusu) 6, alto ana 7. Pigeni F: tarumbeta atasoma G, alto D, na gita lifungwe kapo, kibanio cha nyuzi, kwenye freti (kigawanyo cha shingo ya gita) ya kwanza, vidole vibaki vilevile vya E.

Tena msioanishe sauti mara tu mfikapo. Pulizeni kwanza dakika kumi. Joto letu hupandisha sauti ya tarumbeta na kulegeza nyuzi za gita, kwa hiyo rudieni kila mnapopumzika. Na mdomo ukichoka, wekeni tarumbeta chini, mdomo haulazimishwi.

Msipulize wimbo mzima. Mwacheni mwimbaji amalize mstari, ndipo mjibu kwa sauti tatu nne fupi, halafu mmwage yote kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi watu wanapocheza.

Mkiambiwa huu ni muziki wa kuja, msivunjike moyo. Huu ni mji wa siwa, ile baragumu kubwa ya sherehe, na beni, ngoma iliyoiga bendi za Wazungu, imechezwa pwani hii tangu mwisho wa karne ya 19. Mtafuteni mzee wa zumari, mumtazame anavyoitunza pumzi. Mimi nilijifunza mengi kwa kumtazama tu.

Mazoezi yawe baada ya alasiri, mkome kabla ya magharibi. Nyumba zetu zimebanana, kwa hiyo waombeni majirani ruhusa mapema, hasa penye mgonjwa au mtoto mchanga. Madramu na spika mpakieni punda. Tarumbeta bebeni wenyewe.