Hofu Yako Iandike, Jina Lako Lilinde

Juzi dada mmoja wa Kondoa kaniandikia: "Kaka, nihamie Dar? Huku nani atanunua filamu ya kutisha?" Siku tatu nimeshindwa kumjibu, maana swali hilo mimi nimelilipia.

Nilikuwa na miaka kumi, shambani kwa bibi, Kongwa. Jembe likagonga chuma. Nikafukua: gia ya trekta, meno yameliwa na kutu, nzito kuliko mikono yangu. Bibi akasema, "Rudisha, mjukuu wangu. Hiyo ina wenyewe." Baadaye nikajua Waingereza walianza kulima karanga pale mwaka 1947, ardhi ikawashinda, 1951 wakaacha. Hofu ya siku ile ndiyo muswada wangu wa kwanza wa filamu: kurasa 94, mashine inaamka chini ya ardhi kila mvua inapogoma.

Nikaupeleka Dar. Mtayarishaji akaniambia watu wanataka mapenzi. Mwaka uliofuata nikaiona gia yangu kwenye filamu, bibi kageuzwa mganga, jina langu halipo. Nilikuwa nakula chipsi Majengo, sikumaliza. Mpaka leo inauma.

Sasa sikia, mdogo wangu. Dan O'Bannon, Mmarekani aliyeandika filamu ya kutisha ya Alien, alirudi kutoka Paris kazi imevunjika, hana hela, akalala kwenye kochi la rafiki yake Ronald Shusett. Alikuwa na ugonjwa wa Crohn, tumbo likimsokota. Maumivu hayo ndiyo yaliyozaa kile kiumbe kinachotoboa kifua cha mtu mezani. Watayarishaji wakauandika upya muswada na kutaka majina yao yawemo. Chama cha waandishi kikaamua: filamu ikatoka 1979, mwandishi wa muswada ni O'Bannon peke yake.

Kwa hiyo andika kinachokutisha wewe, achana na mizimu ya kuazima. Una michoro ya Kolo mlangoni kwako, watu wembamba wekundu kwenye mwamba! Nenda jioni, jua likizama, ukae nao. Ukirudi, andika. Na kabla hujamtumia mtu hata ukurasa mmoja, sajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Awe mjomba, awe mchumba, sajili kwanza. Mimi niliona aibu kuonekana simwamini mtu mzima. Usione aibu.

Dar itakusubiri.

Ile gia sikuirudisha; nilimdanganya bibi. Iko mezani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, na jana usiku nimeanza upya ukurasa wa kwanza: jembe linagonga chuma.