Uliza Anti: Magari yanayoinama, mwalimu wa "kwa nini"

SWALI
Shikamoo anti. Nasoma chuo hapa Mtwara, mwaka wa pili. Tumepewa kazi, kila mtu achague sabkalcha moja ya Marekani, yaani kundi la watu wenye mtindo wao wa maisha, aitafutie habari halafu asimame mbele ya darasa dakika 15. Wenzangu wamekimbilia hiphop na mahipi, mimi nimechukua maloraida, yale magari ya zamani yanayoinama na kurukaruka, nimeyaona kwenye video za muziki toka mdogo. Sasa naekaa nae geto anasema hayo magari ya wahuni tu, na mwalimu wetu ni mtu wa "kwa nini, kwa nini" mpaka unatoka jasho. Nianzie wapi? Na nioneshe nini maana video zinakula bando balaa.
Mwenye Loraida, Ligula

JIBU
Marahaba mwanangu. Huyo mwenzio muache acheke kwanza.

Ila ukianza na "loraida ni gari ambalo..." dakika ya tatu watu wote wako WhatsApp. Anza na sheria. Mwaka 1958 California ilianza kukataza gari lililoshushwa mpaka bodi ikawa chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwalimu akiuliza kwa nini, we muulize waliokuwa wanashusha ni akina nani. Wengi ni Wachikano, vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko, hasa Los Angeles ya mashariki. Vijana wengi wa kizungu sifa kwao ilikuwa mbio, hawa wakaenda kinyume, gari linakaribia kugusa lami halafu linatembea kama bibi harusi anaingia ukumbini, ili kila mtu alione. Walikuwa wanakata springi, wengine wanajaza mifuko ya mchanga kwenye buti basi. Sasa mchanga huwezi kuushusha fasta ukimuona trafiki.

Hapo 1959 jamaa anaitwa Ron Aguirre, alikuwa anasumbuliwa na polisi kwa gari kuwa chini, akafunga hidroliki, yaani mitambo ya kunyanyua gari kwa nguvu ya mafuta, kwenye Corvette yake. Anabonyeza swichi gari linapanda linakuwa halali, polisi akishapita analishusha tena. Kwa hiyo ile kuruka ambayo mwenzio anaiita uhuni ilianza kama dawa ya faini! Mengine yote kwenye presentesheni yaning'inize hapo.

Video achana nazo. Nenda duka la dawa nunua mabomba mawili ya sindano, moja dogo moja kubwa, sindano zenyewe hutaki, na kipande cha mpira wa dripu. Jaza maji, unganisha, hakikisha hakuna hewa maana ikibaki inabonyea tu hakuna kinachopanda. Lile kubwa liegemeze chini ya kigari cha mtoto, kandamiza dogo, kigari kinanyanyuka pua. Halafu waambie kwenye Impala, gari la Chevrolet wanalolipenda, ni hivyohivyo, badala ya kidole kuna pampu ya umeme inasukuma mafuta, na betri zake zimepangwa kwenye buti. Na umeme ukikata, sisi wa mji wa gesi tunajua unavyokata, projekta ya wenzio inazima wewe unaendelea.

Kuhusu uhuni usidanganye, wahuni walikuwemo na magari hayo wameendesha. Ila ukisoma za polisi tu utapata wahuni tu, tafuta wenye magari wanasema nini. Walianzisha jarida lao San Jose 1977. Kuna Impala ya 1964 inaitwa Gypsy Rose, imechorwa mawaridi bodi nzima, na kuna Ford LTD ya 1969 kutoka kijiji cha Chimayó, New Mexico, iko jumba la makumbusho la taifa Washington. Habari zake zipo bure kwenye tovuti yao, maandishi na picha hayali bando kama video. Halafu ile sheria ya 1958 imekuja kuondolewa 2024, hesabu mwenyewe miaka, na tarehe hiyohiyo miji ya California ikazuiwa kupiga marufuku watu kuzungusha magari taratibu barabarani, kitu ambacho kwenye Whittier Boulevard, barabara ya Los Angeles ya mashariki, kiliwafukuzisha sana.

Najua utatamani kusema bodaboda wetu wa stendi na stika zao na taa za rangi ndo maloraida wa Mtwara, watu watapiga makofi. Mimi ningeacha. Boda anatafuta hela ya bosi jioni, pambo linamvutia abiria. Loraida mtu anatumia mshahara wa kazi nyingine miaka, gari lenyewe analitoa jumapili. Labda ukawaulize wenyewe kwanza, wakikupinga na mimi niandikie.

Na siku hiyo beba kitambaa. Mimi nimejaribu hayo mabomba jikoni juzi, mpira ukachomoka, kanga yote chapachapa.