Kigoma Hadi Dodoma Bila Kujaza? Mimi Hapana

Kijana mmoja wa Tabora anayesomea urubani kaniandikia: "Kaka, ndege ina geji za mafuta, sasa rubani mzima anaishiwaje hewani?" Swali zuri, tena limenigusa penye kidonda.

Kiangazi hiki nilitoka Kigoma na Cessna 206, ndege ndogo ya injini moja, kwenda Dodoma. Abiria wanne, na mtu haondoki Kigoma mikono mitupu: dagaa, migebuka, madumu ya mawese. Uzito ukishakuwa huo hujazi matanki. Nikabeba lita 220. Ndege hii inakunywa lita 60 hivi kwa saa, kwa hiyo nilikuwa na saa tatu na dakika arobaini. Dodoma ni kama kilomita 690 kwa anga, hewa ikitulia hazifiki saa tatu. Kwenye karatasi unafika na akiba juu.

Ila kiangazi upepo wa mashariki unakukabili. Uvinza nilipita nimechelewa, Kaliua nimechelewa zaidi. Upepo wa noti 20, yaani kama kilomita 37 kwa saa, unaongeza karibu nusu saa mpaka Dodoma, na nusu saa ndiyo akiba yenyewe ya mafuta kwa safari ya mchana. Nikatua Tabora, tulikokuwa na pipa letu la mafuta.

Abiria mmoja akanuna, ana kikao. Bosi akapiga simu kuniuliza kama siku hizi naogopa kuruka, na safari iliyofuata akapewa mwingine. Sijasahau. Kijiti cha kupimia mafuta tankini kilinipa haki palepale: ningeingia Dodoma na mafuta ya dakika chache, kama nisingeishiwa nikalala Bahi kwenye majaruba ya mpunga.

Sasa geji. Ndani ya tanki kuna boya linaloendesha mshale wa geji, mafuta yanacheza kama maji ya ndoo kichwani, na kwenye ndege za zamani mshale unacheza nayo. Halafu kuna kifuniko cha tanki, juu ya bawa. Kikilegea, hewa inayopita juu ya bawa inanyonya mafuta nje, nawe umekaa chini ya bawa huoni kitu. Kwa hiyo panda ngazi, pima kwa kijiti, kisha hesabu kwa saa umeruka muda gani. Narudia: kijiti, kisha saa.

Wala usiseme haya ni ya wanafunzi. Marekani, kati ya 2011 na 2015, ajali za ndege ndogo zilizotokana na usimamizi wa mafuta zilizidi 50 kwa mwaka kwa wastani, na karibu nusu ya marubani hao walikuwa na leseni za biashara, za kurusha ndege kwa malipo, au za juu zaidi. Novemba 2016 ndege ya LaMia, kampuni ya Bolivia, iliyobeba timu ya soka ya Chapecoense ya Brazil iliishiwa mafuta karibu na Medellín, Colombia, wakafa watu 71. Ilikuwa ndege kubwa, lakini ugonjwa ni uleule: safari ndefu, akiba hakuna, na hakuna aliyetaka kutua njiani kujaza.

Ninyi mnaosaka masaa ya kuruka mtakutana na mabosi wa aina hii, tena mapema. Watakuonyesha bei ya mafuta na ada ya kutua. Wewe muonyeshe hesabu ya upepo kabla hujawasha injini, imeandikwa, ina saa yake. Kijiti chako kipimwe kwa ndege yako, cha 206 usikitumie kwenye Cessna 172. Na simu ikiita ukiwa juu ya bawa, iache iite mpaka umekaza vifuniko vyote viwili.