Bogenvilia yenye majani tele bila maua

Dada, pole. Umesema bogenvilia yako hapo Moshi ina mwaka wa pili kwenye kibanda cha bustani, unaimwagilia kila jioni, umeijaza samadi, na bado ni majani matupu. Sasa unataka kuing'oa upande asumini. Usiing'oe!

Maji na samadi vikizidi, mmea huu hukimbilia majani. Simamisha samadi kabisa. Chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukikuta pakavu ndipo umwagilie, tena vizuri. Inahitaji jua kali kwa muda wa saa 6 kwa siku, hivyo punguza matawi ya mti unaoitia kivuli. Masika yakiisha, kata ncha za matawi, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Vaa glavu nene, miiba yake inachoma vibaya.

Nguzo za mbao za kibanda chako ndizo zinazonitia wasiwasi. Bogenvilia ikikomaa ni nzito, na mchwa huanzia pale nguzo inapogusana na ardhi. Gonga hapo, ikilia kama kitu kitupu, mwite fundi asimike bomba la chuma kwa zege, kina cha sentimita 60.

Asumini ipande upande wa pili.