Kijiwe cha Miritini

SWALI: Mvua ilipokatika niliokota Miritini, kwenye kilima kilichochongwa kupisha barabara, kijiwe cha rangi ya kutu kilichojikunja, kipenyo milimita 28. Kina mbavu zinazogawanyika mbili mbili karibu na ukingo wa nje, na vimistari kama mwani hadi mwisho wa mkunjo. Jirani asema ni konokono wa pwani. Ni nini, na nikisafishe kwa siki?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Jirani kakosea. Konokono wengi hupanda kama pia, na gamba lao halina kuta za vyumba. Chako ni bapa, na hivyo vimistari ni mishono, yaani alama za kuta za vyumba zilipogusa gamba. Mshono wa nautilasi, jamaa wa pweza mwenye gamba, ni wimbi tu. Uliochanika kama mwani ni wa amonaiti, jamaa wa pweza mwenye gamba la kujikunja aliyeishi baharini na kutoweka zamani. Mwamba wa Miritini nao ni tope la bahari ya enzi ya Jurasiki, la zaidi ya miaka milioni 145. Ungekiokota kwenye matumbawe ya kisiwa cha Mombasa tungekataa katakata, kwani yalijengeka amonaiti zimeshatoweka zamani.

Mbavu za kugawanyika zaelekeza kwenye jamii ya amonaiti iitwayo Perisphinctidae. Hakikisha hivi: pima upana wa kitovu, kile kishimo cha katikati, ugawe kwa kipenyo. Kikiwa na milimita 12, utapata 0.43, kiasi cha kawaida kwa jamii hiyo. Jina la spishi usililazimishe. Mishono ikifika mwisho, chumba alimokaa mnyama kimevunjika, nacho huchukua karibu mzingo mzima. Ulicho nacho ni kiini, yaani mikunjo ya ndani, cha amonaiti kubwa zaidi, na viini vya spishi nyingi hufanana kama mapacha.

Siki hapana! Hula chokaa, na mishono ndiyo ya kwanza kufutika. Tumia mswaki mkavu, na sindano penye tope gumu. Usikiloweke: kutu hiyo huenda ilitokana na pairiti, madini ya chuma na salfa, na ikibaki pairiti ndani, unyevu wa Mombasa huigeuza unga mweupe au wa manjano wenye tindikali, jiwe likapasuka. Kihifadhi kwenye kopo la kufunga pamoja na vile vipakiti vya kukaushia vya maboksi ya viatu.

Kipige picha pande zote mbili na ukingoni, rula kando, taa ikimulika kutoka ubavuni. Mwanga wa juu huficha mbavu. Kisha kipeleke ofisi ya Makumbusho, Fort Jesus, na maelezo ya mahali hasa ulipokiokota. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 imetoa siku 7 tu za kuripoti na kukabidhi ulichookota, na kuchimba vingine bila leseni ni kosa.