Tetemeko moja, namba tatu

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Naishi kijijini karibu na Loppersum, mkoa wa Groningen, Uholanzi. Juzi usiku nyumba ilitikisika hadi vikombe vikagongana kabatini. Taarifa ikasema tetemeko lilikuwa la 2.5. Jirani amefungiwa kisanduku cha kupimia ukutani, chake kikaandika 4. Simu yangu, iliyokuwa mezani, ikatoa namba isiyoeleweka kabisa. Nimwamini nani? Na gesi, ambayo uchimbaji wake ndio huleta matetemeko huku, si wameshaacha kuchimba?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Taarifa na kisanduku vyote vimesema kweli, ila vimepima vitu viwili tofauti. Hiyo 2.5 ni ukubwa wa tetemeko lenyewe, pale mwamba ulipoteleza, na haibadiliki hata ukihamia Amsterdam. Ile 4 naichukulia kuwa milimita kwa sekunda, ndicho kipimo cha visanduku vya namna hiyo: kasi ya juu kabisa ya mtikisiko pale kilipofungwa. Ngoma ni ile ile, lakini aliyekaa kando yake na aliye ng'ambo ya bonde hawaisikii sawa.

Na ninyi mmekaa kando ya ngoma. Matetemeko ya gesi ya Groningen huanzia kilomita 3 hivi chini, karibu sana ukilinganisha na mengi ya asili. Halafu juu ya mwamba kuna udongo laini, ambao hukuza mtikisiko. Ndiyo maana KNMI, taasisi ya hali ya hewa inayopima pia matetemeko huko, imetoboa mashimo ya mita 200 na kuweka geofoni, vyombo vya kunasa mtikisiko, kila baada ya mita 50, na akselerometa, chombo cha kupima mchapuko, juu ya ardhi. Ukilinganisha mchoro wa chini na wa juu, unauona udongo ukiongeza chumvi. Mimi ningempa kila mwandishi wa habari michoro hiyo miwili kabla hajaandika neno "dogo".

Chukua mfano wa tetemeko la kijiji cha Huizinge, 16 Agosti 2012: ukubwa 3.6, kubwa kuliko yote ya huko. Zeerijp, 8 Januari 2018, lilikuwa 3.4. Lakini mchapuko wa ardhi, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika ghafla, uliopimwa Zeerijp ulifika 0.11 ya g (mchapuko wa kitu kinachoanguka), na wa Huizinge 0.08 hivi. Dogo likampita kubwa! Ila kumbuka kwamba mwaka 2012 vyombo vilikuwa vichache, na pasipo na chombo hapaandikwi kitu.

Kuhusu kisanduku cha jirani, muulize kimefungwa wapi. Kikiwa chini, kwenye ukuta imara karibu na msingi, kinapima ardhi. Kikiwa ghorofani kinapima nyumba inavyoyumba, na namba hupanda. Mlango ukibamizwa nao huandikwa, kwa hiyo saa ya kisanduku lazima ioane na saa ya vituo vingine. Simu yako ilipima meza. Iache.

Gesi, ndiyo, ilisimamishwa 1 Oktoba 2023. Lakini tangu uchimbaji uanze mwaka 1963 shinikizo ndani ya mwamba limeshuka kutoka baa 350 hivi hadi chini ya 100, tena halikushuka sawasawa kila mahali. Gesi iliyobaki bado inasogea kuelekea penye shinikizo dogo, mwamba bado unajikandamiza, na nyufa za kale zilizo ndani ya mwamba huo zinaendelea kuteleza. Mitikisiko itapungua, lakini usitarajie ikatike leo au kesho.

Hukuuliza juu ya nyufa za ukuta, ila najua swali linakuja. Tangu mwisho wa 2016 sheria ya huko inachukulia kwamba uharibifu unaofanana na wa matetemeko ya gesi umesababishwa nayo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Si lazima uwe na kipimo chako. Piga picha za nyufa ukiweka rula kando yake, andika tarehe, kisha peleka madai kwenye taasisi ya fidia ya mkoa, IMG.