Maswali ya Wasomaji: Zana za Bure Zisizomaliza Bando

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Mkoa wa Kigoma, na ingawa waandishi wake hawafahamiani, wote wanauliza namna ya kufundisha au kujifunza kwa kutumia programu za bure pale ambapo mtandao ni wa shida. Nimezijibu pamoja kwa sababu jibu la barua moja linasaidia nyingine.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika shule ya sekondari iliyoko mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Uvinza. Tuna kompyuta mpakato moja, vishikwambi vinne ambavyo walimu tulikabidhiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022, na umeme wa sola wa saa chache kwa siku. Mtandao hupatikana kwa kupanda kilimani, na bando natoa mfukoni mwangu. Vifaa vya maabara vya somo la umeme havitoshi hata kikundi kimoja cha wanafunzi. Kila nikisoma habari za programu za bure za kufundishia, naona zimeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti muda wote. Je, ipo ya kunifaa?

JIBU: Ndugu Mwalimu, zipo, na umeligusa jambo lenyewe. Programu ambayo haiuzwi lakini inakula bando kila inapofunguliwa si ya bure kwa mwalimu anayejinunulia bando. Kipimo ninachokushauri utumie kabla ya kupoteza muda wako ni hiki: pakua programu, zima data, kisha uifungue tena. Ikifanya kazi, endelea nayo. Ikikutaka uingie kwanza mtandaoni, iache. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kusafiri kwa boti saa kadhaa nikiwa na kishikwambi nilichokiandaa usiku kucha kwa ajili ya somo, na nilipokifungua mbele ya darasa programu ikadai nithibitishe jina langu kupitia mtandao ambao haukuwapo. Wanafunzi arobaini walikuwa wamekaa wakinitazama.

Anza na PhET, ambayo ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ya sayansi na hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla ya hapo. Kila jaribio linaweza kupakuliwa kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha kawaida bila intaneti, nawe unaweza kulinakili kwenye flashi na kulihamishia kwenye vishikwambi vyote. Yapo majaribio yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili, lakini kwa kuwa mtihani wa sekondari ni wa Kiingereza, ningekushauri ufungue la Kiingereza na kulieleza kwa lugha ambayo wanafunzi wako wanaielewa.

Katika shule moja mjini Kigoma nililiona jaribio liitwalo Circuit Construction Kit likifanya kazi ambayo ubao usingeiweza. Msichana wa Kidato cha Pili aliburuta betri, waya na balbu kwa kidole, na mara tu alipofunga saketi, vidoa vya buluu vinavyowakilisha elektroni vikaanza kutembea ndani ya waya na balbu ikawaka. Alipoongeza betri ya pili, mwendo wa vidoa ukawa wa kasi zaidi na mwanga ukaongezeka. Mwenzake, kwa utundu tu, akaiondoa balbu na kuunganisha waya kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, na papo hapo ndimi za moto zikatokea kwenye kioo. Darasa zima likasimama. Mwalimu hakueleza neno; aliandika ubaoni "Kwa nini betri imeshika moto na balbu haikushika?" akawaacha wabishane robo saa nzima, kisha akawapa betri mbili na balbu ya tochi ili wajenge kwa mikono yao saketi ile ya kwanza. Tafadhali usiiruke hatua hiyo ya mwisho, kwani betri na balbu ya tochi zinapatikana hata katika duka la kijijini kwako, na mwanafunzi aliyeona saketi kwenye kioo peke yake bado hajaishika.

Zana ya pili ni Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani mahsusi kwa ajili ya mahali pasipo na mtandao. Ukishaiweka kwenye kompyuta yako, kompyuta hiyo inakuwa maktaba ambayo vishikwambi vilivyo karibu huifungua kupitia kivinjari. Vinahitaji kuunganishwa na kompyuta kwa Wi-Fi tu, na hotspoti ya simu yako inatosha hata ukiwa umezima data, kwa sababu masomo yanatoka kwenye kompyuta yenyewe. Ndani yake unachagua unachotaka kupakua, zikiwamo video na mazoezi ya Khan Academy, shirika la Marekani linalotoa masomo ya bure, na kila mwanafunzi akiwa na jina lake la kuingilia utaona nani amefanya zoezi lipi na amekwama wapi. Menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili.

Ugumu wa Kolibri uko kwenye kupakua kwa mara ya kwanza, kwa kuwa video ni nzito. Usijaribu kupakua ukiwa kilimani. Ukienda Kigoma mjini mwisho wa mwezi, tafuta ofisi au chuo chenye mtandao mzuri, uombe ruhusa, na upakue mada utakazofundisha muhula huo peke yake. Kama kuna mwalimu wa shule jirani aliyekwishapakua, masomo yake yanahamishika kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta, nawe hutatumia hata megabaiti moja.

Kwa Hisabati, GeoGebra huchora grafu na maumbo na inafanya kazi bila mtandao. Kwa usomaji wa ziada, Kiwix inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye flashi ya kawaida. Ile ya Kiingereza yenye picha ni kubwa mno, hufikia gigabaiti mia moja hivi, kwa hiyo chagua matoleo madogo ya somo moja moja.

SWALI: Naishi Ujiji. Mwanangu yuko darasa la pili na bado anasoma kwa kubabaisha. Nina simu janja moja, nayo anaitumia kwa michezo. Kuna cha kumsaidia bila gharama? — Mama wa watoto watatu.

JIBU: Mama, pakua African Storybook, programu ya hadithi za watoto iliyoanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi zake nyingi zipo kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno machache kwa ukurasa, na ukishazipakua zinasomeka bila bando. Anza na ngazi ya chini kabisa hata kama mtoto atasema ni ya watoto wadogo. Mwache asome ukurasa mmoja kwa sauti, nawe usome unaofuata huku ukipitisha kidole chini ya kila neno. Dakika kumi na tano baada ya chakula cha jioni zinatosha. Kwa hesabu, vipindi vya katuni vya Ubongo Kids, vilivyotengenezwa hapa hapa Tanzania, vinapendwa na watoto na vinafundisha kweli.

Usione kwamba simu ni adui wa kusoma. Kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili katika shindano la kimataifa la XPRIZE, na wengi ambao hawakuwa wamewahi kuingia darasani walianza kusoma. Lakini watoto hao hawakuwa na mtu wa kuwafundisha, ilhali mwanao anaye mama anayeweza kukaa ubavuni pake.

SWALI: Nina duka la steshenari mjini Kasulu. Walimu huniomba niwawekee vitabu na video kwenye flashi. Je, naruhusiwa kutoza pesa?

JIBU: Inategemea kilichomo. Hadithi nyingi za African Storybook (si zote, hivyo soma leseni iliyoandikwa kwenye kila hadithi) na makala za Wikipedia zina leseni inayoruhusu kunakili na hata kuuza, ilimradi jina la mwandishi au chanzo libaki mahali pake, na makala za Wikipedia zibaki chini ya leseni ile ile. Video za Khan Academy zinaruhusiwa kugawanywa, lakini leseni yake inakataza biashara, kwa hiyo hizo wape walimu bure. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania usiviuze. Mwelekeze mwalimu kwenye Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo, ambako vinasomwa bila malipo.

Jambo moja zaidi kwako, kwa kuwa flashi za wilaya nzima hupita kwenye kompyuta yako: ipime kila flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla hujafungua faili lolote, kwani flashi moja yenye virusi ikitoka dukani kwako inaweza kuzima kompyuta pekee ya shule iliyo mbali na fundi.